Kwa Nini Lucien Gaudry Alicheza Winga

Msimu ule mji wetu wa Ravenel uligawanyika, na si kwa sababu ya uchaguzi. Uchaguzi ulikuja mwezi wa kumi, watu wakapiga kura, wakarudi mashambani kumalizia ngano. Kilichotugawa ni swali la kama Lucien Gaudry acheze senta au winga.

Mimi nilikuwa golikipa. Golikipa wa hoki ya barafuni hana la kufanya kwa muda mrefu, kisha ana mengi mno kwa muda mfupi, kwa hiyo anapata nafasi ya kutazama watu. Nilimtazama Lucien tangu alipojiunga nasi. Alikuwa kijana mwembamba, mkimya, na akishakanyaga barafu alikwenda kana kwamba sisi wengine tumesahau kuachia breki. Alicheza winga ya kulia. Aliambaa na ukuta wa mbao unaozunguka uwanja, akakata ghafla kuingia ndani, na kile kisahani cheusi tunachokipiga badala ya mpira kilikuwa kimeshalala wavuni kabla golikipa wa watu hajaamua apige magoti au asimame.

Kocha wetu aliitwa Verna Haugen. Siku za kazi aliendesha basi la shule, na sisi alitufundisha vilevile alivyoendesha basi: jicho kwenye kioo, na neno halirudiwi. Verna aliamini kwamba Lucien ni senta.

"Winga anakaa mezani anasubiri chakula," alituambia kwenye chumba cha kubadilishia nguo. "Senta ndiye mpishi. Sasa nina mpishi kama huyu, nimemkalisha mezani na kijiko mkononi. Nijione mzima kweli?"

Senta hukaa katikati. Ndiye anayeinama kugombea kisahani kinapodondoshwa na mwamuzi, ndiye anayerudi nyuma kusaidia mabeki, ndiye anayekipandisha na kukigawa kulia na kushoto. Winga ana upande wake na ukuta wake, na akiwa na mbio na shabaha, basi. Mwenye kipaji akiwa winga atafunga mabao mengi. Akiwa senta atafunga pungufu kidogo, lakini wale walio kando yake, hata wazito, wataanza kufanana na wachezaji. Wazito Ravenel hatujawahi kupungukiwa.

Aliyepinga ni Emil Gaudry, babu yake Lucien. Alimlea huyo kijana tangu mama yake alipoolewa upya na kuhamia pwani. Emil alikuwa na mkahawa mkabala na ghala la nafaka, na kila aliyeingia kunywa kahawa alipewa sababu ya Lucien kubaki winga. Tatizo ni kwamba kila aliyeingia alipewa sababu yake. Mmoja aliambiwa kwamba senta anainama sana na ukoo wa Gaudry una migongo mibovu. Mwingine aliambiwa kwamba katikati ya uwanja kuna baridi zaidi. Mchungaji aliambiwa kwamba usenta unaleta majivuno.

"Sisi Gaudry ni ukoo wa mawinga," aliniambia mimi.

"Mzee, wewe ulikuwa golikipa. Picha yako ipo pale kwenye ukumbi wa barafu."

"Golikipa wa upande wa kulia," akasema, akanimiminia kahawa.

Watu wakaona mzee ameanza kuchoka kichwani. Wakamsikiliza kwa heshima, wakitoka nje wanacheka. Lucien mwenyewe akiulizwa alijibu, "Kocha akisema," na kwa kuwa kocha alikuwa bado hajasema, jibu hilo lilimtosha kila mmoja.

Mwezi wa kwanza akaja mtu anayeitwa Brandvold. Alikuwa akitafuta wachezaji kwa niaba ya timu moja ya kulipwa huko mji mkubwa, na alikuwa amesikia habari za Lucien. Alimtazama mechi moja, kisha akaja mkahawani kwa Emil, akala pierogi, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, na vitunguu vya kukaanga, akafuta mdomo.

"Kijana mzuri," alimwambia Verna. "Ila mawinga ninao mpaka wa kuazimisha. Ninachotafuta ni senta. Jumapili ile mnayocheza na timu ya Kessler nitapita tena. Nionyeshe senta, tutaongea."

Akavaa kofia yake ya manyoya akaenda zake. Verna alibaki amesimama mbele ya kaunta. Emil alikuwa anafuta mahali ambapo palikuwa pameshakuwa safi.

"Umemsikia," Verna akasema.

"Masikio yangu mazima."

"Basi Jumapili namweka senta."

"Usimweke."

"Nipe sababu, Emil. Moja tu, na isiwe ya baridi."

Emil akafungua mdomo. Nilikuwa kwenye kiti cha tatu kutoka pale, na naweza kusema kwamba ile ndiyo mara ya kwanza nilimwona amekosa la kusema. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Sitaki tu," akasema.

"Unamfungia kijana mlango, mzee wangu. Atabaki hapa anakaanga mayai yako mpaka azeeke. Ndicho unachotaka?"

Lucien alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kisu cha viazi mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Nitacheza senta, Babu," akasema.

"Unajua unachokisema?"

"Najua."

Emil akarudi kufuta kaunta.

Jumapili ile ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri, na ukumbi ulijaa, kwa sababu kwa baridi hiyo hakuna pengine pa kwenda. Brandvold alikaa juu kabisa, mikono mfukoni. Emil hakukaa. Alisimama nyuma ya kioo kinachozunguka uwanja, kwenye kona, koti limefungwa mpaka kidevuni.

Kipindi cha kwanza sijaona kingine kama kile, na nimesimama golini miaka mingi. Lucien alishinda karibu kila kisahani kilichodondoshwa. Alirudi mpaka mbele ya goli langu, akakinyakua, akageuka, na kabla sijaweka fimbo yangu sawa alikuwa ameshavuka katikati. Alipitisha pasi pasipopitika. Orest Melnyk, muuza mbegu, mtu mzito kwa uzito na kwa akili ya mchezo, alipewa kisahani akiwa peke yake mbele ya wavu. Alifunga, akageuka nyuma kuangalia ni nani aliyefunga. Baadaye kidogo akafunga la pili. Mke wake alikaa chini polepole kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

Wakati wa mapumziko Verna hakusema mengi. "Mnaona," akasema. Tulikuwa tunaona.

Kipindi cha pili, mapema tu, Lucien alipokea kisahani katikati ya uwanja, akageukia kushoto kutafuta wa kumpa. Beki wa Kessler akaja kutoka kulia. Nataka nieleze vizuri hapa, kwa sababu watu wamesema mengi. Yule beki hakujificha, wala hakuja kwa nyuma. Alikuja wazi kabisa, viwiko chini, kama sheria inavyotaka, na alikuja kutoka mbali. Mimi nilimwona tangu alipong'oa mguu. Orest alimwona. Watoto waliokuwa wakila chipsi za mchuzi na jibini walimwona. Lucien hakugeuza kichwa hata kidogo.

Mlio wa kugongana kwao ulisikika ukumbi mzima. Lucien alilala chali. Yule beki akapiga magoti kando yake akawa anamwambia, "Ndugu yangu, nilidhani umeniona. Nilidhani umeniona kabisa."

Tukampeleka kwenye zahanati, hatua chache tu kutoka ukumbini. Nilimbeba upande mmoja, Verna upande wa pili, nikiwa bado nimevaa pedi zangu za miguuni, kwa hiyo tulipita mlangoni kwa shida. Muuguzi alikuwa Arlette, mwanamke wa pole pole. Akagusa bega, akasema mfupa wa mtulinga umevunjika. Kisha, kwa kuwa kijana amegongwa kichwani pia, akachukua kadi akamfunika jicho la kulia.

"Vidole vingapi?"

"Viwili."

Akahamisha kadi, akafunika la kushoto.

"Na sasa?"

Lucien akageuza kichwa kuelekea sauti yake.

"Vingapi, kijana?"

"Umesimama upande gani?" Lucien akauliza.

Arlette akashusha kadi. Akaenda haraka kwenye simu kuita gari la wagonjwa, akisema kijana amepoteza jicho kwa lile pigo. Lucien akainua mkono wake mzima.

"Dada, acha simu. Si la leo. Ni la tangu nina miaka tisa."

Verna alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Emil alikuwa ameingia bila sisi kumsikia, amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango. Yeye ndiye aliyesema.

"Tulikuwa tunakaza waya wa ua. Mimi ndiye niliyeshika koleo. Waya ukanitoka." Akajifuta viganja kwenye koti. "Yeye alikuwa anachekea kitu. Sikumbuki alikuwa anachekea nini."

"Farasi," Lucien akasema. "Alikuwa anakula kofia yako."

"Ndiyo. Farasi."

Arlette akarudisha simu mahali pake. Verna akamgeukia Lucien, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akarudia neno.

"Kwa nini hukuniambia? Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ungeniweka jukwaani na mashabiki nipulize filimbi."

Verna akalifikiria hilo kwa haki.

"Kweli. Ningekuweka jukwaani."

"Winga ya kulia ukuta uko kulia," Lucien akasema. "Ukuta hauji kunigonga. Unakaa pale pale. Mengine yote yako kushoto, na kushoto naona."

Verna alivaa kofia, akaivua, akatoka nje. Kwenye baraza alikuwepo Brandvold, amekuja kuuliza hali, maana hakuwa mtu mbaya. Niliwasikia kupitia dirishani.

"Pole sana kwa kijana," Brandvold akasema. "Mikono ya dhahabu. Lakini nitakuambia kweli, Verna, ana ubishi. Hatazami pembeni. Senta asiyetazama pembeni huko kwetu watamuua."

Lucien alikuwa ametuomba tusimwambie mtu habari ya jicho, kila mmoja wetu kwa jina lake, na tulikuwa tumekubali. Verna alikuwa amekwisha kutoka kabla ya hapo. Yeye hakuwa ameombwa.

"Ndivyo alivyo," Verna akasema. "Safari njema. Barabara ya kusini wameshaisafisha."

Kesho yake asubuhi, mkahawa ukiwa umejaa, Verna aliingia na buti zake za basi. Alisimama mlangoni mpaka watu wakamwangalia.

"Nilikosea," akasema. "Ni winga."

Watu wakaacha kutafuna. Verna hakuwahi kusema neno hilo la kwanza mbele ya mtu, hata siku ile alipoliingiza basi kwenye mtaro.

"Kwa nini sasa?" Orest akauliza. Alikuwa ameonja mabao mawili na alikuwa na haki ya kuuliza.

"Kwa sababu nimesema."

"Lakini kocha, kile kipindi cha kwanza..."

"Orest, kula mayai yako."

Verna alipokaa kwenye kaunta, Emil akamletea kipande cha pai ya matunda bila kuagizwa, kikubwa kuliko vipande vyake vya kawaida, akakiweka mbele yake, akabaki amesimama.

"Mgongo unamsumbua kijana," Verna akamwambia kila mtu. "Ni jambo la ukoo."

Emil akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu.

Lucien aliruhusiwa kurudi mwishoni mwa msimu, bega likiwa limeunga. Verna alimpeleka kwa daktari wa macho wa mji mkubwa kwa gari lake mwenyewe, na aliporudi alikuwa na masharti. Kwanza, winga ya kulia, na pengine popote hapana. Pili, kofia ngumu yenye wavu wa chuma wa kufunika uso mzima, kwa ajili ya lile jicho lililobaki.

"Nitaonekana kama mtoto," Lucien akasema.

"Kuonekana hakujawahi kuwa shida yetu," Verna akamjibu, akamkaza mikanda.

Aliuvaa ule wavu. Kessler walimcheka dakika chache za kwanza, kisha akawafunga, wakaacha. Fainali walitushinda hata hivyo, matatu kwa mawili, na mabao yetu yote yalikuwa yake. Kwenye majukwaa watu walisema kama angekuwa senta tungeshinda. Walisema hivyo mbele ya Emil, na Emil akala karanga zake.

Tulirudi kwenye gari dogo la mzigo la Emil, yeye na Lucien mbele, mimi kiti cha nyuma na begi langu la ugolikipa, ambalo liliwafanya wafungue dirisha kidogo licha ya baridi. Theluji ilikuwa inavuka barabara chini chini.

"Kwa nini ulikubali ile siku?" Emil akauliza. "Ulijua kitakachotokea."

"Nilitaka kujua kama kocha anasema kweli."

"Na?"

"Anasema kweli. Mimi ni senta."

Emil akaushika usukani kwa mikono miwili.

"Kile kipindi cha kwanza, Babu, nilijua kila mtu alipo. Hata Orest."

"Orest huwa yuko pale pale," nikasema kutoka nyuma.

"Ndiyo. Lakini nilijua na anakotaka kwenda."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayesimulia nyumba aliyowahi kulala siku moja, jinsi madirisha yake yalivyokaa. Emil akapunguza mwendo. Akaweka mkono kwenye goti la mjukuu wake, akauacha hapo kidogo, kisha akaurudisha kwenye usukani, kwa sababu barabara ilikuwa na barafu.