Saa Arobaini za Jumanne

Bi Haverty, mshauri wa masomo pale chuoni kwetu, ana tabia ya kutabasamu kabla ya kukupa habari mbaya. Alitabasamu, nami nikajua kumekucha.

"Bi Verna," akasema huku akipekua mpango wangu, "hii anatomia uliisoma miaka tisa iliyopita."

"Na nikapata A."

"Sikatai. Ila shule za udaktari wa fiziotherapia, tiba ya viungo, hazipokei somo lililopita miaka kumi. Usipoomba nafasi mwaka huu, hiyo A haitambuliki tena."

Yaani elimu yangu inachacha kama maziwa. Mfupa wa paja niliousoma nikiwa na miaka ishirini na nane ndio huohuo ninaotembelea leo nikiwa na thelathini na saba, haujahama. Nikamwambia hivyo. Akatabasamu tena, akanihesabia yaliyobaki: fizikia, takwimu, na saa arobaini za kumtazama daktari wa fiziotherapia akiwa kazini. Awe na leseni, na atie sahihi kwa mkono wake. Mwisho wa maombi ni tarehe mosi Desemba, na siku hiyo ilikuwa katikati ya Agosti.

"Kwa nini usichukue kozi ya msaidizi wa fiziotherapia?" akaniuliza, sauti imelainika. "Miaka miwili tu. Una mikono mizuri, wewe ni mvumilivu, na kwa mtu wa umri wako..."

Sipendi mtu anipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Hasira zikanipanda, nikamweleza habari za mama.

Mama yangu, Opal, alipigwa na kiharusi majira yaleyale ya baridi niliyomaliza anatomia. Huku kwetu kwenye milima ya West Virginia tulikuwa na msaidizi, mwanamke mwema, kila siku yupo. Lakini sheria haimruhusu msaidizi kuanza. Lazima kwanza daktari ampime mgonjwa na kuandika matibabu, na daktari wetu huvuka mlima mara moja kwa wiki, Jumanne. Mwaka ule theluji ilifunga barabara. Wiki sita mama alikaa kitini, na yule msaidizi akaja, akamtazama, akaondoka na machozi. Daktari alipofika, mkono wa kushoto ulikuwa umeshajikunja ngumi. Mpaka leo haujakunjuka. Mguu niliuinua mwenyewe jikoni, nikaacha chuo, nikamzoeza kutembea kutoka jiko hadi friji na kurudi. Saa hizo hazihesabiwi popote, maana hakuna aliyetia sahihi.

"Sitaki kuwa mtu wa kusubiri," nikamwambia Bi Haverty. "Nataka kuwa mtu wa kuanza."

"Ukifeli fizikia nisilaumiwe."

"Sitakulaumu. Tia sahihi mpango wangu."

Akatia.

Kliniki ya Jumanne iko kwenye shule ya msingi iliyofungwa, na daktari siku hizi ni Renshaw, bwana mrefu asiyependa maneno. Siku ya kwanza, Septemba ikielekea kwisha, alinipa sharti moja: mtazamaji hamgusi mgonjwa. Hata kidole. Bima ikisikia, kazi yake iko hatarini na saa zangu zinafutwa zote. Basi nikawa nasimama ukutani kwa muda wa saa nne kila Jumanne, mikono nyuma. Jamani, hakuna kazi ngumu kama kuficha mikono inayojua la kufanya.

Nyumbani mama alinishikia kadi za fizikia kwa mkono wake mzima.

"Tangu uachane na mume umeolewa na hicho kitabu," akanitania.

"Hiki hakikoromi, mama."

"Unakoroma wewe juu yake."

Nilishindia kahawa na maharage. Kufikia Jumanne ya mwisho ya Novemba fizikia ilikuwa inaendelea vizuri, takwimu vilevile, na nilikuwa na saa thelathini na sita. Nne za siku hiyo zilitosha. Fomu nyingine zote nilikuwa nimeshajaza.

Mgonjwa wa mwisho alikuwa mzee Hobart, mchimba makaa mstaafu aliyewekewa nyonga mpya. Alikuwa ameshanipa jina.

"Sanamu, hujambo?"

"Sijambo, mzee. Angalia unapokanyaga."

Alikuwa katikati ya vyuma viwili vya kushikilia. Renshaw akageuka kuvuta kiti. Goti la mzee likalegea, mikono ikateleza, nami nikaliona hilo kabla yake, kwa sababu goti la mama nimeliona likifanya vile mara elfu. Sikuwaza. Nilimdaka kiunoni, nikalizuia goti lake kwa goti langu, nikamshusha taratibu.

"Kumbe sanamu lina mikono," mzee akasema, anahema.

Renshaw alinipeleka chumba cha pembeni, akafunga mlango.

"Angevunjika," nikaanza mimi.

"Najua. Kosa la kumgeuzia mgongo ni langu, na nitaliandika. Lakini nikikuandika na wewe, saa zako zote zimekwenda. Kwa hiyo leo hukuwepo. Thelathini na sita zako zinabaki safi."

"Zinatakiwa arobaini."

"Najua zinatakiwa ngapi, Verna."

"Na Jumanne ijayo maombi yameshafungwa."

Akasugua uso. "Ungesubiri nigeuke. Nusu sekunde tu."

"Nimeshawahi kusubiri, Daktari."

Sikumshukuru. Labda ningepaswa. Nililia garini mpaka vioo vikaingia ukungu. Mwaka wangu umekwenda, na A yangu imekwenda nao.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ungemwacha aanguke?"

"Hapana."

"Basi kula," akasema, akanisogezea mkate wa mahindi.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa Bi Haverty. Nilipomweleza alitabasamu, safari hii kwa huruma ya kweli, na ndiyo iliyoniudhi zaidi. Fomu ya kozi ya msaidizi ilikuwa tayari mezani.

"Hakuna aibu yoyote, Bi Verna."

"Aibu haipo. Wasaidizi nawaheshimu. Niandikishe masomo ya Januari."

"Masomo yapi? Yote unayamaliza muhula huu."

"Anatomia."

Akanikazia macho. "Una A ya anatomia."

"Imekufa. Niandikishe."

"Utakaa na watoto wa miaka kumi na tisa, urudie kila mfupa, kila msuli, somo unalolijua?"

"Wakikwama nitawasaidia."

"Na saa zako?"

"Zimebaki nne. Renshaw yupo kila Jumanne."

Alishika kalamu bila kuandika. Tabasamu lilikuwa limemtoka, na kwa mara ya kwanza akaniuliza swali ambalo alitaka kweli kujua jibu lake.

"Na mgonjwa mwingine akianguka mbele yako?"

"Nitamdaka," nikasema. "Na mwaka utakaofuata utaniona tena hapa. Andika."