Mashine Inavuma Tupu

Mama Shuka alisukuma mlango wa mashine mpaka ukalia ta, akabonyeza kitufe, akasubiri maji. Hayakuja. Mashine ilivuma kidogo, ikatulia, ikavuma tena. Nyuma ya kioo, mashuka ya wodi ya wazazi yalikaa makavu na madoa yake.

Jina hilo la Mama Shuka alipewa na wauguzi, naye hakulikataa. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya wodi hiyo moja, kwa kibarua kinachopumua mwezi hadi mwezi. Juma lililopita msimamizi wa hospitali alikuwa amemwambia mbele ya watu kwamba mashine ikigoma tena, kazi ya kufua itapewa kampuni ya nje na yeye ataaga. Na leo alikuwa anakuja mgeni kutoka wizarani, kukagua. Tangu alfajiri mtu mzima na akili zake alikuwa anapaka chokaa mawe ya njiani, mawe ambayo hayajawahi kumlalamikia mtu.

Mashine aliijua tabia zake. Aliizungusha koki ya ukutani, akahakikisha imefunguka mpaka mwisho. Akaingiza mkono nyuma ya mashine, akaunyoosha mpira wa maji, maana huwa unajikunja pale unapobanwa na ukuta. Bado. Akafunga koki, akaufungua mpira, na kwa kibanio cha nywele akachomoa chujio dogo lililokaa mdomoni mwa mashine. Lilikuwa limejaa mchanga na kutu. Akalisuuza kwenye kikombe, akalirudisha, akakaza kwa mkono, akabonyeza tena. Mashine ikavuma tupu. Debe tupu haliachi kuvuma, wahenga walisema, ila wao hawakuwa na mashuka ya kufua.

Ndipo akautoa mpira tena, akauelekeza kwenye ndoo na kufungua koki. Maji yalitoka membamba kama uzi, yakakatika, yakabaki kudondoka. Hapo akaelewa. Mashine ile haimezi maji ya kudondoka, inataka yaje kwa nguvu. Mgonjwa hakuwa mashine.

Sista wa wodi aliingia akiwa na haraka.

"Dada, nipe hata shuka moja. Nina mzazi katoka kujifungua sasa hivi, kalala kwenye plastiki tupu, inamnata mgongoni."

"Hakuna, mdogo wangu. Mashine haijazi."

"Leo? Leo siku ya mgeni?"

"Leo hii."

Sista alishusha pumzi. "Basi ngoja nimtandikie gauni langu la akiba. Mtoto nitamfunga na nini, hata sijui."

Mama Shuka alitoka nje akalifuata bomba. Lilipita chini ya dirisha la jiko, likakata kona, na kwenye kona ile akakuta kiungo kipya kinachong'aa, kimetoa tawi la mpira mweusi kuelekea bustani ya mbele. Huko fundi bomba alikuwa amechuchumaa, anamwagilia maua yaliyopandwa jana. Mengine yalikuwa bado yamevaa mifuko yake ya kitaluni.

"Dada, usinitazame hivyo," fundi alisema. "Mimi nimeambiwa maua yasinyauke mpaka mgeni aondoke."

"Na mashuka?"

"Mashuka hayanyauki." Alicheka peke yake, akaona haichekeshi, akaacha. "Kamwone mkuu. Akisema nifunge, nafunga sasa hivi. Lakini aseme yeye. Mie nina watoto kama wewe."

Alimkuta msimamizi anajifunga tai mbele ya sinki lililokuwa pembeni mwa ofisi yake.

"Shikamoo, mkuu. Mashine haijazi. Maji yameelekezwa kwenye maua."

Msimamizi hakujibu salamu. Alifungua bomba la sinki, na maji yakaruka kwa nguvu mpaka yakamlowesha mikono ya shati.

"Haya ni nini? Si maji haya? Maji yapo, Mama Shuka."

"Yapo, mkuu. Hayamo."

"Hayamo wapi?"

"Ndani ya mashine. Hapa kwako yapo, bustanini yako kibao. Kwenye mashine ndiyo hayamo."

"Sasa umekuja kunifundisha Kiswahili?" Alifunga bomba. "Mimi nimeshapeleka taarifa kwamba maji yapo. Wizara haiulizi yamo au hayamo. Kama mashine imekushinda, sema. Kampuni wako tayari hata kesho."

Mama Shuka alisimama pale akisubiri hasira ije. Haikuja. Miaka ya nyuma ingekuja mbio, na machozi nyuma yake, lakini siku hizi alikuwa mzito tu, kuanzia mabegani kushuka chini. Alimfikiria mama mkwe wake anayebaki nyumbani na watoto. Kila jioni bibi yule humpokea mlangoni na swali moja, hata salamu bado: "Mashine imeamkaje?" Akijibiwa imeamka vizuri, anasonga ugali wa kutosha. Akijibiwa vingine, unga kiasi unarudi kwenye kopo.

"Haijanishinda, mkuu," alisema.

Alichukua ndoo akaenda bustanini. Fundi bomba alimwachia mpira, akageukia upande mwingine ili asiwe ameona. Mama Shuka akajaza, akabeba, akapita chini ya dirisha la jiko, akamimina kwenye droo ya sabuni, pole pole, kwa sababu ukiharakisha yanafurika sakafuni. Akarudi, akabeba tena. Maji yalipofika kimo chake, mashine ikaamini imejijaza yenyewe, ikaanza kuzunguka. Alikaa chini kidogo. Kisha ikamwaga maji yote ya povu na kudai mengine ya kusuuza, naye akaanza upya. Sista alipita, akambebea ndoo moja, akaitwa wodini kabla hajamaliza kumimina. Mwishoni Mama Shuka alikuwa haisikii tena mikono yake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa. Mgeni alikuja na watu wake wakati mashine inakamua, msimamizi ametangulia akimfungulia kila mlango. Aliinama kwenye kioo, akatazama mashuka yakizunguka meupe.

"Inafanya kazi hii?"

"Tena bila shida, mheshimiwa," msimamizi alisema.

Mgeni akamgeukia Mama Shuka. "Na wewe mama, una tatizo lolote? Sema tu, usiogope."

Gauni lake lilikuwa limelowa kutoka kifuani hadi magotini, na ndoo ilikuwa miguuni pake. Nyuma ya wageni alisimama Sista, anamtazama. Maneno alikuwa nayo yote mdomoni. Aliona uvivu kuyatoa.

"Hakuna, mheshimiwa."

"Safi sana." Mgeni alimpa mkono, akashtuka kidogo kwa ubaridi wake. "Msimamizi, si uliniambia mashine ya wodi ya watoto imekufa tangu mwaka jana? Sasa kama hii ni nzima namna hii, na mama mwenyewe hodari, mashuka ya watoto yaletwe hapa hapa. Ya nini kununua nyingine?"

Watu walipiga makofi. Mama Shuka naye akapiga. Wakati wa kutoka, msimamizi alimwinamia sikioni. "Umeona? Kazi yako nimeilinda."

Alitoa mashuka, akampa Sista la juu likiwa bado bichi, naye akakimbia nalo wodini. Hakuwa amemaliza kuanika mengine alipomsikia muuguzi wa wodi ya watoto akihodisha, anasukuma toroli lililojaa mpaka juu, na lingine linafuata nyuma.

"Pole na kazi, mama. Tumeambiwa mashine yako ndiyo haina tatizo."

"Haina," Mama Shuka alisema, akaokota ndoo.