Mwalimu Pruitt Hajapumzika

Asubuhi hiyo ya Januari mitambo ya joto ilikuwa imezimika tena, na darasa la saba lilikaa na makoti yake. Shanelle Whitlock, kijana wa huduma ya taifa aliyepangiwa kumsaidia mwalimu katika shule moja ya kaskazini mwa Philadelphia kwa mwaka mmoja, alifuta ubao, akachukua chaki. Nyuma yake Mwalimu Pruitt akasema, "Andika theluthi mbili, gawanya kwa nusu."

Shanelle akaandika. Mwalimu Pruitt mwenyewe hakuweza kushika chaki. Alikuwa amefariki tangu Oktoba, kwa shinikizo la damu. Alizikwa Jumamosi, na Jumatatu akaja kazini, kwa kuwa hakuna aliyeletwa badala yake.

Watoto walimzoea upesi. Ukali wake ulikuwa uleule, ila ukipita karibu naye ulihisi ubaridi wa friji iliyoachwa wazi.

"Mwalimu, kwani huko hakuna likizo?" aliuliza Nyasia, msichana wa dawati la mbele ambaye mdomo wake haukuwa na breki.

"Ipo. Nyie ndio mmeninyima. Haya, jibu ni ngapi?"

"Theluthi moja."

"Umegawanya kwa mbili, mama. Mimi nimesema kwa nusu. Rudia."

Kufikia Februari Mwalimu Pruitt alianza kuisha. Mkono wa kushoto ulikomea kwenye kiwiko, na sauti yake siku nyingine ilitokea darini. Watoto walipokwenda kula, alimwita Shanelle dirishani.

"Mwanangu, nimechoka. Sijalala tangu mnizike. Nenda kawaambie walete mwalimu. Siwezi kuwaacha hawa peke yao."

Shanelle akapanda basi hadi ofisi ya elimu ya jiji. Alipokelewa na Bi Haskins, mama mpole mwenye miwani shingoni.

"Nafasi hiyo ina mtu," alisema Bi Haskins.

"Amefariki, mama."

"Najua. Tulipeleka maua. Lakini anafundisha?"

"Anafundisha."

"Amewahi kuchelewa?"

"Hapana."

"Sasa nikisema hamna mwalimu, si nitakuwa mwongo? Binti, kuna shule hazina hata marehemu."

Shanelle alirudi akaeleza yote bila kuficha. Vioo vya madirisha vikaota barafu kwa ndani. Kisha Mwalimu Pruitt akasema, "Basi tuendelee na hesabu za sehemu."

Watoto wakasikia habari hiyo, maana shuleni hakuna siri. Siku moja ya Aprili Nyasia alisimama kwa niaba ya wenzake.

"Mwalimu, sasa tumeelewa kila kitu. Nenda ukalale."

"Kila kitu?"

"Kabisa. Hata yale ya mwaka kesho."

Darasa zima likaitikia kwa kichwa, hata wale wavulana wa nyuma waliokuwa hawaitikii chochote. Mwalimu Pruitt akawapa swali moja tu, lilelile la Januari. Wakainama wakaandika kwa bidii. Shanelle alipita katikati ya madawati akitazama majibu, na akatamani angeweza kumficha mwalimu ukweli.

"Wamepata?" Mwalimu Pruitt aliuliza.

"Nyasia amepata."

"Na wengine?"

Shanelle akatikisa kichwa. Mwalimu Pruitt alilia bila sauti, na sakafu ikalowa kuanzia ubaoni hadi mlangoni. Watoto wakainua miguu. Nyasia akaenda kuleta dekio.

Juni, wiki ya mwisho, Bi Haskins alikuja na keki kumpongeza Mwalimu Pruitt kwa kutokosa kazini hata siku moja. Marehemu hakuteremka kutoka darasani. Ngazi zilikuwa zimeanza kumshinda. Shanelle ndiye aliyempokelea cheti. Bi Haskins alikula kipande chake taratibu, akafuta vidole, akamgeukia mkuu wa shule.

"Yule mwalimu wenu wa sayansi, aliyelazwa. Hali yake?"

"Madaktari wamekata tamaa," alisema mkuu.

"Masikini. Anawapenda watoto?"

"Mno."

"Vizuri," alisema Bi Haskins, akaomba kipande kingine.

Shanelle alipanda juu na kile cheti. Darasani hakuonekana mtu, ila ubaridi ulikuwapo, kandokando ya dirisha.

"Wamesemaje?" sauti iliuliza.

"Wameshukuru."

Chini uani watoto walikuwa wakiagana kwa makelele.

"Mwenzako atakayekuja badala yako Septemba," ilisema sauti, "anaandika vizuri ubaoni?"

Shanelle alisema hajui. Akavaa koti lake, akaketi pale dawati la mbele, asiondoke kwanza.