Joto la Evald Bro

Kila asubuhi ya Januari, kabla ya kuwasha pikipiki, Vibeke Toft alijivisha gazeti. Kurasa za michezo alizifunga magotini, matangazo ya samani tumboni, na tanzia akaziweka kifuani, chini ya jaketi la ngozi. Marehemu baba yake alifanya vivyo hivyo. Huku Jutland upepo hauna adabu, na kila mwendesha pikipiki anajua kwamba gazeti huukatisha tamaa.

Tanzia ndizo zilizokuwa na moto. Si zote, za watu asiowajua zilikuwa karatasi tu. Lakini akifa mzee ambaye Vibeke alikuwa akimhudumia nyumbani kwake, tangazo lake la kifo lilitoa joto la mwili wa mtu mpaka majira ya theluji yaishe. Bi Asta alikuwa vuguvugu. Holger seremala alichoma, ikabidi Vibeke avae fulana mbili chini yake. Wenzake ofisini walijua, na walimwonea kijicho kidogo, kwa sababu gari lilikuwa moja tu na mkuu wa zamu, Preben, alikuwa halitoi.

Kabla ya nyumba ya mwisho alipitia kwa Evald Bro, mzee wa miaka themanini na tisa, mwenye mdomo mchafu na vidole visivyoweza tena kushika kiberiti. Ratiba ilisema dakika kumi: vidonge, soksi, kwaheri.

"Na jiko la kuni?" Evald aliuliza.

"Halimo kwenye ratiba, mzee wangu."

"Mimi mwenyewe nimo?"

Vibeke aliliwasha. Aliliwasha wiki nzima, mpaka Preben akamwita.

"Dakika thelathini na moja kwa mtu mmoja! Ukirudia, nitampa Evald mtu mwingine."

"Niongezee basi dakika za jiko. Ataganda yule."

"Ana blanketi."

Jumatatu Vibeke alimpa vidonge na soksi, kisha akachomoa kifuani pake tangazo la Holger na kulitia ndani ya shati la Evald.

"Nani huyu?"

"Holger seremala."

"Toa! Mlango wangu unapitisha baridi kwa kazi yake huyo." Alimrudishia mwenyewe, polepole, kwa vile vidole vyake. "Vaa wewe, mwanangu. Una kilomita kumi na moja mbele yako."

Vibeke alivaa, akaondoka kwa wakati. Alhamisi alimkuta Evald kitini, amekwisha kuwa wa baridi kama kiti chenyewe. Alilia ndani ya kofia ngumu mpaka kioo kikaingia ukungu, akasimama kando ya barabara kukifuta.

Tangazo lilipotoka, alikwenda nalo moja kwa moja ofisini, akalilaza mezani kwa Preben. Alitaka aliguse.

Preben aliligusa. Akaweka na mkono wa pili.

"Evald?"

"Ndiye."

"Mzee alikuwa na moto, kumbe." Akakaa hivyo kwa muda, mabega yakimlegea. Kisha akavuta ratiba. Kwa kuwa Vibeke hasikii baridi njiani, alisema, hana haja ya ile robo saa ya kupasha vidole kwa kahawa. Humo itaingia nyumba moja zaidi.

"Ya nani?"

"Bibi mmoja huko Klitgård. Dakika kumi."

Vibeke alimchukua Evald kutoka chini ya mikono ya Preben, akafunga zipu hadi kidevuni na kutoka. Kilomita ishirini za upepo hadi Klitgård, na hakutetemeka hata kidogo.