Presha ya Msusi

Mshonaji alitoka chumba cha kuchangia damu akiwa hana pamba mkononi. Msusi, aliyekuwa akiulinda ule mlango kama mgambo, aliliona hilo kabla mwenzake hajaketi.

"Wifi, wamekukataa au umekataa?"

"Wamenikataa."

"Kwa sababu gani?"

"Kamuulize muuguzi."

Muuguzi hatoi siri za watu, na msusi alilijua hilo. Ndiyo maana jibu lilimchoma. Mama yake alikuwa wodini na nyonga iliyovunjika, na daktari amekataa kumpasua mpaka ndugu wachangie chupa mbili. Moja alishatoa mdogo wake, mume wa huyu mshonaji. Binamu alirudishwa kwa ajili ya tatuu mbichi ya jina la mchumba ambaye wameshaachana naye. Mjomba alikuwa bado kwenye dawa za malaria. Ilikuwa inasubiriwa chupa moja tu, na kila saa iliyopita mama alizidi kulegea.

"Damu yako unamwekea nani?" msusi alisema kwa sauti ya kusikika benchi zima. "Miaka yote hii umekula chungu kimoja na mama yangu. Mtoto hukutuletea, sasa na damu nayo huna?"

Watu wakainamisha vichwa. Maneno hayo alikuwa ameyasema mara nyingi saluni, vichwa vya wateja vikiwa mapajani mwake, lakini daima nyuma ya mgongo wa mwenyewe. Leo yametoka mchana kweupe, na simsingizii: aliona raha. Mshonaji alinyoosha sketi yake magotini.

Zamu ya msusi ilipofika, aliingia kifua mbele. Kidole kikachomwa, damu ikaonekana nzuri. Muuguzi akamfunga kipimo cha presha mkono wa kulia, kisha wa kushoto, akakunja uso.

"Presha iko juu mno, mama. Siwezi kukutoa damu hivi."

"Mimi? Sijaumwa presha tangu nizaliwe!"

"Umegombana na mtu?"

Msusi akatazama ukuta.

"Kaa nje nusu saa, utulie. Usiongee. Ikishuka nitakutoa, isiposhuka, tafuteni mwingine."

Nje nafasi ilikuwa moja tu, kando ya mshonaji. Akakaa, akafumba macho, akajaribu kuishusha hasira yake kwa nguvu, kana kwamba hasira humtii mwenyewe. Aliogopa. Uhai wa mama yake sasa ulitegemea utulivu wake, na utulivu hakuwahi kuwa nao.

"Umerudi upesi," mshonaji alisema.

"Nimeambiwa nisiongee."

"Basi leo utasikiliza." Hakupandisha sauti. "Miezi miwili iliyopita mimba iliharibika. Ya tatu hiyo. Nilimwaga damu mpaka nikaongezewa ya watu, na aliyeongezewa damu karibuni hachangii. Mama anajua. Shuka zangu alizifua yeye, kwa mikono yake. Akatuapisha usiambiwe, kwa ajili ya mdomo wako."

Msusi alifungua kinywa. Moyo ulimpiga mpaka masikioni.

"Wifi, mimi—"

"Usiongee. Presha."

Alipoitwa tena, aliunyoosha mkono kabla hajaambiwa. Muuguzi alisubiri kipimo kinyamaze, akatikisa kichwa.

"Imezidi kupanda."

"Nipime tena, mwanangu. Nakuomba."

"Mwili haubembelezwi, mama. Nenda kamwone daktari, na upate mtu mwingine."

Alitoka akishika ukuta. Mshonaji alikuwa amesimama dirishani, simu sikioni.

"Kaka, acha kazi uje hospitali sasa hivi. Damu... Kwa mama mkwe wangu... Najua wifi alichonifanyia, nilikuwepo." Akageuka, akakutana na macho ya msusi, wala hakuyakwepa. "Ndiyo, na yeye yupo. Usimsalimie. Toa damu, uondoke."

Msusi alikaa pembeni kabisa ya benchi, akaacha nafasi kubwa kando yake. Mshonaji aliendelea kusimama.