Mama Ilham Apima Laptop kwa Mpira

Mvua ilimkuta Edna juu ya bodaboda, katikati ya Masagati na Mlimba, mahali pasipo na hata banda la kujibanza. Kwa wiki mbili alikuwa kijijini akipima mashamba, na ramani zote zilikuwa ndani ya laptop, kwenye begi alilolinunua kwa sababu muuzaji aliapa kuwa halipitishi maji. Alipofika nyumbani kwake Lipangalala na kulifungua, maji yalimwagika miguuni pake.

"Usiiwashe," alisema mumewe, Hermenegildi.

Hakuiwasha. Aliikausha kwa khanga, akakaa akiitazama. Kila mchana laptop hiyo ilikuwa ikichora ramani, na jioni wakishakula, yeye na Hermenegildi walikuwa wakichomeka padi mbili za kuchezea na kucheza gemu ya mpira, wakitaniana mpaka majirani wakawasikia. Alihitaji nyingine itakayoweza yote mawili. Lakini ramani za Masagati angezipata wapi?

Mwenzake wa ofisini, Justin, alimwelekeza mjini Ifakara kwa Siwema, ambaye wengi humwita Mama Ilham. Wazazi wa mama huyu walitoka Kilwa. Marehemu mumewe alikuwa akitengeneza redio, na alipofariki mama huyu alibaki na duka, bisibisi, na mashine mbovu za watu. Alizifungua moja moja mpaka akazijua. Sasa alikuwa na miaka hamsini na ushee, na laptop za mtumba zilijaa rafu zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea mgonjwa?" Macho yake yalikuwa kwenye begi. "Tangu inyeshewe, umeiwasha?"

"Hapana, mama."

"Umejisaidia sana."

Aliifungua, akaitoa diski, akaisafisha taratibu kwa brashi na dawa, akaiacha chini ya taa ikauke. Edna aliketi kwenye benchi, hakutaka hata kwenda kula. Alasiri Mama Ilham aliiunganisha na kompyuta yake. Mafaili yakajitokeza kwenye kioo: Masagati, shamba kwa shamba.

Edna alifunika uso kwa mikono akalia.

"Lia, lakini usiilowanishe tena," alisema Mama Ilham, naye anatabasamu. "Mashine yenyewe ndiyo imekufa. Haya, tutafute nyingine."

Jicho la Edna lilikuwa limeshatua kwenye moja nyeusi, nyembamba, kibodi yake inawaka taa za rangi. Mama Ilham hakubisha. Aliiteremsha, akaweka ramani za Masagati, zikafunguka kufumba na kufumbua.

"Kazi inaweza. Sasa tuone mchezo. Gemu yenu ni ipi?"

Edna akaitaja. Mama Ilham akavuta droo, akatoa padi mbili.

"Tunacheza sisi?" Edna aliuliza.

"Mashine inaweza kukudanganya kwa dakika tano. Nusu saa ya mpira haiwezi. Kaa."

Kwa heshima, Edna alipanga kumhurumia. Kabla hajakaa vizuri, mama yule alikuwa amekwisha kumfunga mawili, ushungi umetulia, vidole tu ndivyo vinavyokimbia. Wakamaliza mechi ya kwanza, wakaanza ya pili, kisha ya tatu. Ndipo feni ya laptop ikaanza kulia kama mashine ya kukoboa mpunga, na wachezaji wakawa wanakimbia kama wamo kwenye tope. Mama Ilham aliweka kiganja chini ya laptop, akakiondoa upesi. Alikuwa anaongoza, lakini alizima.

"Hii sikuuzii."

"Mama, mimi nimeipenda."

"Najua. Mimi nami natamani itoke, imekaa hapa tangu mwezi wa pili. Lakini wewe unakwenda Masagati. Ikikuzimikia huko, fundi utampata wapi?"

Akateremsha nyingine, ya kijivu, nene, mfuniko una mikwaruzo. Edna hakuficha kwamba haikumvutia. Mama Ilham aliigeuza akaifungua, akamwonyesha feni isiyo na vumbi na nafasi ya kuongeza ram, kumbukumbu inayoipa mashine kasi. Akaiongeza palepale. Kisha akaingia kwenye gemu, akashusha ubora wa picha.

"Nisikufiche, majani ya uwanjani utayaona mabovu mabovu. Goli utaliona."

Walicheza mechi nne. Feni ilivuma kwa mbali tu, na hakuna mchezaji aliyekwama. Edna alifungwa zote nne, lakini kufikia ya mwisho alikuwa haangalii tena mpira. Aliangalia ile mikono iliyoweza kufungua, kuponya, na kukataa kuuza. Aliinunua ile ya kijivu, na bei yake ilikuwa nafuu kuliko ya ile nyeusi.

Mwezi uliofuata aliiweka mezani kwenye ofisi ya kijiji cha Masagati, ambako umeme siku hiyo haukuwepo. Wakulima waliizunguka. Mzee Beatus aliweka kidole kwenye kioo, akafuata mpaka wa shamba lake hadi kijitoni, akaguna kwa kuridhika. Mkutano ulikwisha betri ikiwa bado na nguvu.

Aliporudi Ifakara alipita dukani kutoa shukrani, na alipokuwa anaaga alijikuta akiomba jambo ambalo hakulipanga.

"Mama, nifundishe."

Mama Ilham alimtazama juu ya miwani, kisha akamsogezea laptop mbovu na bisibisi. "Uje Jumamosi. Anza na hii, huwezi kuiua mara ya pili."

Jumamosi ya kwanza Edna aliifungua yote na kuifunga, ila skrubu mbili zikabaki mkononi. Alizionyesha kwa aibu.

"Mbili tu?" Mama Ilham alicheka. "Mimi ya kwanza zilinibaki saba."