Mvua ya Meza ya Kumi na Nne

Wafanyakazi wote wa Kituo cha Simu za Dharura walitangaziwa, kwa waraka wenye mihuri miwili uliobandikwa mlangoni, kwamba kuanzia siku hiyo viti vyenye magurudumu visingesukumwa kutoka meza moja hadi nyingine bila fomu ya uhamisho wa kiti, na kwamba atakayekaidi angekalia kigoda kwa muda wa wiki mbili. Waraka ulisomwa na watu arobaini na wawili, ukatiwa saini, na kazi ikaanza saa mbili kamili.

Saa mbili na dakika ishirini hedifoni ya meza ya kumi na nne ilianza kuvuja.

Mwanamke aliyeketi hapo, ambaye wenzake walikwisha kuzoea kumwita Kumi na Nne, aliivua, akaikung'uta kama mtu anayekung'uta kiatu kilichoingia mchanga, akaivaa tena. Maji yalikuwa ya baridi, ya rangi ya udongo, na yalitoka upande wa sikio la kushoto, ule wenye sauti ya mpigaji. Alisogeza daftari, akakinga kikombe. Jirani yake, ambaye hedifoni yake ilivuja tangu Ijumaa, alikuwa amejitandikia taulo begani.

"Yako ya bondeni?" jirani aliuliza.

"Ya bondeni."

"Yangu yana majani. Jana yalitoka na chura."

Zamani, mtu alipopiga simu kusema kwamba maji yameingia ndani, mpokeaji alimwuliza yuko wapi, akampelekea mashua. Utaratibu huo ulionekana kumtegemea mno mpigaji, ambaye, kama ilivyoelezwa kwenye semina, huwa na hofu, na kwa hiyo si chanzo cha kuaminika. Ndipo kompyuta za kituo zilipofungiwa mfumo ulioitwa Mratibu. Mratibu hakumtegemea mtu. Kila dakika alisoma hali ya hewa moja kwa moja kutoka kwenye kipimamvua kilichosimikwa juu ya paa la kituo, kilimani. Mvua ikifika milimita arobaini, mashua iliamriwa kutoka bila mtu kuinua kidole. Isipofika, mpigaji alipewa sekunde tisini, kisha sauti ya kike, yenye upole uliorekodiwa, ikamjulisha kwamba kuna jua na kumtakia siku njema. Mpango wa awali ulitaja vipimamvua kumi na viwili, kimoja kwa kila mtaa. Kumi na kimoja vilibaki kwenye mchoro, ambako vilichorwa vizuri sana.

Asubuhi hiyo kilimani hapakuwa na wingu.

"Huduma ya dharura, nikusaidie nini?" alisema Kumi na Nne, ilipotimu saa tatu.

"Nisaidie kushuka hapa kabatini."

Aliitambua sauti kabla sentensi haijaisha. Ilikuwa ya mama yake mdogo, fundi cherehani, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita na kumshonea sare zote za shule, zenye pindo kubwa la kuteremshwa kila mwaka.

"Mama mdogo! Maji yamefika wapi?"

"Yamefika kwenye cherehani. Mimi nimefika juu ya kabati. Sote tunapanda, tutaona nani atatangulia dari."

"Acha mzaha, mama. Umeanza kupiga saa ngapi?"

"Tangu alfajiri. Kuna binti hapo kwenu kila mara ananiambia kuna jua. Hilo jua mnalipata wapi? Nitumieni kidogo nianike godoro."

Kumi na Nne alibonyeza ombi la mashua. Skrini ikajibu: *Mvua sifuri. Ombi halina msingi.* Akabonyeza tena. Kikombe kilikwisha kujaa, na maji yakawa yanatiririka hadi sakafuni. Katika sekunde ya themanini kifungo cheupe cha shati kilitoka kwenye hedifoni, kikaviringika juu ya meza, kikalala. Kisha binti aliyerekodiwa akamtakia mama mdogo siku njema.

Msimamizi wa zamu alikuja akiwa amekunja suruali hadi magotini. Walimwita Bwana Asilimia, ingawa si mbele yake.

"Bwana, ni mama yangu mdogo. Yuko juu ya kabati."

"Pole sana, dada yangu. Lakini mimi naona sifuri."

"Na maji uliyoyakanyaga, huyaoni?"

Bwana Asilimia alitazama miguu yake bila upendeleo. "Haya nayaona. Ila haya yameingia kwa simu. Mratibu anahesabu yanayoingia kwenye kipimamvua."

Hakusema hayo kwa kejeli, na Kumi na Nne hakuyasikia kwa kejeli. Aliyapokea kama maelekezo. Alichukua ndoo ya mpiga deki, iliyokuwa imejaa mvua ya bondeni, akapanda nayo ghorofa nne hadi juu ya paa. Huko jua lilichoma shingo. Alimimina taratibu, kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji, hadi milimita arobaini na moja.

Mratibu aliridhika. Kengele ikalia ukumbini, kikomo cha sekunde tisini kikaondolewa, na binti aliyerekodiwa akaanza kuwatangazia wapigaji wote kwamba kuna mvua kubwa na mashua iko njiani.

"Mama mdogo, inakuja!" alisema Kumi na Nne, akihema, simu iliporudi.

"Nani kaibadilisha hali ya hewa?"

"Mimi."

"Ndiyo maana nilikusomesha. Harakisha basi. Kabati limeanza kuelea, na mimi sikuwahi kuwa nahodha."

Saa nne na nusu lori jekundu lililobeba mashua ya mpira liliingia kwa king'ora katika maegesho ya kituo, likasimama juani. Mratibu alijua mahali pamoja tu palipokuwa na mvua, napo ni pale kilipokuwa kipimamvua.

Kumi na Nne alishuka ngazi mbilimbili. "Geuzeni! Mafuriko yako bondeni!"

Dereva alimwonyesha karatasi. "Hapa pameandikwa kwenu. Watu arobaini na wawili."

"Kaka, unaniona nimezama?"

"Sikuoni umezama. Lakini nikitoka hapa kabla ya kumaliza idadi, kesho sina kazi." Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi: "Shemeji yangu anakaa huko huko, nyumba ya tatu kutoka mferejini. Unadhani mimi ni jiwe? Pandeni, tumalize."

Hivyo uokoaji ukaanza. Wafanyakazi walipanga foleni kwa namba za meza. Walipanda mashuani sitasita, mashua ikiwa juu ya lori, wakavalishwa majaketi ya kujiokolea, wakazungushwa maegesho mara moja na kushushwa getini, ambako kila mmoja alitia saini kuwa yu salama. Bwana Asilimia alisimamia mwenyewe, akihakikisha kila kamba imefungwa. Ukumbini hedifoni arobaini na mbili zilibaki mezani zikizungumza zenyewe.

Kumi na Nne alikataa kupanda. Hesabu ikasimama kwenye arobaini na mmoja, na lori nalo likasimama.

"Panda, mwenzangu," jirani yake alimsihi, akimsukuma kwa taulo lile lile. "Panda upesi. Usipookolewa wewe, hawatoki."

Akapanda. Alizungushwa maegesho peke yake, ameketi wima, mikono magotini. Alipotia saini getini ilikuwa saa sita na dakika mbili. Saa sita kamili kipimamvua hujimwaga chenyewe, ili kuanza hesabu mpya. Karatasi ya pili ikatoka kwenye mashine ya dereva: *Mvua sifuri. Rudini kituo cha zimamoto.* Dereva aliisoma mara mbili, akaufuta uso wake kwa kofia, akawasha lori, akarudi.

Kumi na Nne alipoingia ukumbini maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Juu ya meza yake palikuwa na vifungo vingi, vya mashati na vya magauni, na juu yavyo kimoja kikubwa cha koti, kikiwa bado na uzi. Hedifoni ilikuwa kimya. Skrini iliandika: *Mteja hakutoa malalamiko zaidi. Ameridhika.*

Alivikusanya vifungo, akavitia mfukoni. Kisha simu nyingine ya bondeni ikaingia, akaipokea.

Mama mdogo alizikwa siku ya nne, jua likiwaka. Hedifoni ziliendelea kuvuja, na mpiga deki akaongezewa ndoo ya pili. Taarifa ya mwezi ilionyesha kwamba kituo kimeokoa watu wote waliokuwa katika eneo la mvua, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu kianzishwe, na Bwana Asilimia akapewa cheti. Kamati iliyoundwa kuchunguza tukio ilikaa siku tisa, ikamhoji Kumi na Nne kwa dakika sita, ikaridhika kwamba Mratibu alifanya kazi yake bila kasoro na kwamba tatizo lilikuwa maji kuingia katika kipimamvua. Iliamuliwa, kwa kauli moja, kwamba kipimamvua kijengewe paa la bati lisilovuja, na kwamba kazi hiyo ikamilike kabla ya masika.